Cherehani ya Mikindani imeshika uzi! (kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya 11)

Imeshona.

Jana saa tano usiku, barazani, kwa tochi ya simu maana umeme ulikatika tangu magharibi, cherehani ya Mikindani imepiga mstari wa sentimita 40 kwenye kipande cha kitambaa cha marekani na haijaruka hata mshono mmoja. Nimepima kwa futi. Nikageuza kitambaa nikakuta uzi wa chini umelala vizuri kama wa juu, nikaenda kumwamsha mama aje aone, akaja na kanga yake begani, akakishika akakivuta kwa nguvu zote, hakikufumuka, akasema "haya, sasa kalale". Wiki 11 jamani. Wiki 11 na hiki ndo kitambaa cha kwanza naweza kusema kimeshonwa.

Kwa ambao hamkumbuki nilipoishia, ni Singer 28K ya mkono, zile za kimashua, yani bobini ya uzi wa chini ni ndefu nyembamba kama njiti na inakaa ndani ya kimashua, kile kichuma chenye ncha kinachokwenda mbele na nyuma chini ya sindano. Niliifuata Mikindani, kule Mtwara, kutoka huku Lindi, kosta mpaka Mnazi Mmoja ya hukuhuku Lindi halafu nikaunganisha, kurudi nimeipakata mapajani njia nzima maana konda alitaka kuirusha kwenye buti. Nimeinunua kwa bibi mmoja pamoja na kopo la biskuti lililojaa vitu vya kushonea vya mama yake, vyote 85,000, hela niliyoweka tangu msimu wa korosho. Bibi akaniambia, "Chukua mjukuu wangu, ila ujue haijalia tangu mama afariki."

Namba yake inaanza na Y, kwa hiyo ni ya miaka ya 1920 mpaka katikati ya 1930 hivi, na ile K ni Kilbowie, kiwanda cha Clydebank kule Scotland kilichoanza 1885 kikafungwa 1980. Sasa kwenye lile kopo kuna rili tupu za mbao, tatu bado zina lebo ya J. & P. Coats, na hao ni wa Paisley, Scotland hukohuko, wala si mbali na Clydebank. Nilivyoliona hilo nilikaa kimya muda mrefu. Chuma na uzi vimetengenezwa karibu karibu, vikavuka bahari kila kimoja kivyake, vikaja kukutana kwenye chumba kimoja Mikindani.

Haya, tatizo. Lilikuwa moja tu, inaruka. Mishono mitatu inashika, mitano inaruka, miwili inashika, halafu hamna kitu kabisa, uzi wa juu umelala tu juu ya kitambaa kama umewekwa. Na ukiangalia kila kitu kinazunguka laini, meno yanavuta, kimashua kinakwenda, hakuna kinachokwaruza. Hicho ndo kilichokuwa kinaniumiza. Mashine iliyokwama unajua imekwama wapi, hii ilikuwa nzima, inazunguka vizuri, na haishoni.

Nilianza na sindano kama kila mtu. Nikaweka mpya namba 14, ikaruka, 16 ikaruka kidogo kidogo afadhali, 18 ikaruka vilevile na ikaanza kutoboa matundu kwenye kitambaa. Nikahakikisha upande bapa wa shina unaangalia kule kimashua kinakopita, maana ukiigeuza hapo hata ufanyeje haishiki. Ilikuwa sawa. Kuna pakiti moja niliuziwa duka fulani mjini, sindano zilikuwa zimepinda kabla hata sijazitumia, nilizilaza kwenye kioo nikaona mwanga unapita chini yake, na nilishapoteza siku nne nikilaumu mashine. Laza sindano kwenye kioo kwanza. Siku zote.

Wiki ya pili mpaka ya nne ilikuwa usafi. Mafuta ya zamani yaliganda yakawa kama gundi ya kahawia, nahisi mtu aliwahi kutia mafuta ya kula. Jamani mafuta ya nazi ni ya nywele na ya wali, msitie kwenye cherehani, yakikaa miaka yanashika kila kiungo. Nililoweka sehemu za ndani kwa mafuta ya taa, nasugua na mswaki wa zamani, nazungusha, nafuta, narudia, halafu ndo natia mafuta ya cherehani yenyewe yale meupe mepesi, tone moja moja kila kitundu. Spiriti sikuigusisha kabisa kwenye mwili mweusi, ile rangi ya zamani na maua ya dhahabu vimefunikwa na vanishi inayoyeyuka kwa spiriti, nimeshaona cherehani ya mtu hapa Lindi maua yote yametoka kwa dakika moja, nusura nilie na wala haikuwa yangu. Na bisibisi iwe ya kujaa kwenye mfereji wa skurubu. Mi nina moja niliinoa kwa jiwe mpaka ikakaa sawasawa na siiazimi mtu.

Ikawa safi. Ikawa inazunguka kama haina uzito. Ikaruka.

Wiki ya tano nikahamia kwenye kimashua. Chini ya ile springi yake nyembamba nikakuta kinyuzi kimebanwa, kifupi kuliko kope, nikakitoa kwa pini, nikasema ndo hiki! Uzi wa chini ukawa unatoka vizuri kweli, unakishika kimashua kwa uzi wake kinaning'inia, ukitikisa kinashuka kidogo kinasimama, ndo inavyotakiwa. Nikakimbia kushona. Ikaruka. Siku ile nilifunika mashine na kanga nikaenda ufukweni, sikuitazama siku kumi.

Wakati nimesusa ndo nikaanza kupanga lile kopo, na hapo nikapotea kabisa. Vifungo 61. Vya gamba la chaza 19, hivyo unavijua ukiviweka shavuni, vina baridi na vina uzito, vya plastiki ni vya uvuguvugu. Subana mbili za chuma, moja imetoboka kwa kazi. Na kimkunjo cha vipande vya kanga, kila kimoja kipana kama kiganja, vimekatwa kwa makusudi kwenye pindo, havikuwa mabaki ya kushona. Kimoja kwenye ukingo kina yale maandishi K.H.E. Mali ya Abdulla, ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza 1887. Nikaelewa yule mama alikuwa anafanya ninachofanya mimi! Mimi kila nikiona kitu nakipiga picha au nakichora, ukili wa mkeka unavyokunja kona, viraka vya tanga la ngalawa, nakshi za milango iliyobaki kule Mikindani, yote yamo kwenye simu na kwenye madaftari manne yanayopata ukungu. Yeye hakuwa na simu, alikata vipande akavikunja akaviweka kwenye kopo. Havina ukungu hata kimoja.

Basi nikarudi kwenye mashine kwa sababu ya vile vipande.

Kilichonisaidia ni simu. Nilivuta vile vibati viwili vya kuteleza, nikaegemeza simu kwenye tofali, nikawasha tochi nyingine pembeni, nikarekodi ile video ya taratibu huku mdogo wangu anazungusha mkono. Nikaangalia zaidi ya mara thelathini. Sindano inashuka mpaka chini kabisa, halafu inaanza kupanda kidogo, na ule upandaji mdogo ndo unafanya uzi utoke pembeni ya sindano utengeneze kitanzi, na ncha ya kimashua inatakiwa ipite ndani ya kile kitanzi juu kidogo ya tundu la sindano. Mi nilikuwa naona kitanzi kinatokea. Ncha nayo inakuja kwa wakati. Ila inapita CHINI. Inapita palepale kwenye tundu au chini yake, kitanzi kiko juu kinaangalia tu. Ile mara moja moja inayoshika ni bahati ya uzi kulegea.

Nikaibeba mpaka kwa mzee mmoja fundi pale karibu na soko, nikamwamkia, nikamwonyesha video. Hakuitaka video. Alizungusha gurudumu kwa vidole viwili polepole sana, jicho lake kwenye sindano, akasema, "Mwanangu, sindano yako imepanda. Kuna mtu aliipandisha." Basi. Sekunde kumi. Nikamuuliza anishushie, akakataa, akasema, "Nenda kaishushe mwenyewe, hii utaifungua tena." Nilimpa hela ya chai akapokea kwa shida.

Jana ndo nikafungua bati la usoni. Ndani kuna kile chuma kirefu kinachoshika sindano, mi nakiita mti wa sindano, na kina skurubu inayokibana. Kabla ya kugusa nilizungushia gundi ya karatasi nikapiga alama kwa penseli, maana ukilegeza bila alama umeingia msituni. Skurubu ikagoma. Nikatia mafuta ya taa, nikaswali isha, nikala ming'oko na chai, nikarudi, ikaachia kwa mlio mmoja mkali nikadhani nimeikata, moyo ukanienda mbio, kumbe nzima. Nikashusha mti kama unene wa sarafu ya mia. Nikabana. Nikazungusha kwa mkono polepole kama yule mzee, na nikaona kwa macho yangu ncha inaingia kwenye kitanzi, inakibeba, kinazunguka kimashua, kinafunga. Nikafanya mara tano bila kitambaa, nikawa naogopa kuweka kitambaa.

Nani aliipandisha na kwa nini sijui, nahisi mtu aliwahi kupata sindano ndefu kuliko zake akaona ni rahisi kusogeza mti kuliko kutafuta sindano. Ni kitu kidogo sana, na cherehani nzima ikafungiwa chumbani miaka yote hiyo kwa ajili yake.

Watu wananiambia si ununue Butterfly tu, vipuri viko kila kona. Ni kweli, Butterfly ni mashine nzuri, mama anayo ya miguu na imetusomesha, bobini zake unapata hata kwenye duka la vocha. Hii yangu nina bobini mbili tu, moja imepinda, na kimashua kikipotea sijui nitakipata wapi. Haina kurudi nyuma, mwisho wa mstari unageuza kitambaa kizima. Ila mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza, unaweza kushona mshono mmoja ukasimama ukafikiri. Kwa vipande vidogo hakuna cherehani ya miguu inayokupa hivyo, na jana umeme haukuwepo na tulishona tu.

Mpango ulikuwa nikishaiponyesha nianze boksi lake la mbao, mchwa wamekula kona moja, na nilishanunua msasa na vanishi. Boksi litasubiri. Na vifungo vitakaa kwenye chupa kama vilivyo. Usiku uleule nimeanza kitu kingine kabisa, daftari la kitambaa. Kurasa za marekani, kila ukurasa nashonea kipande kimoja cha pindo pande tatu, upande wa nne nauacha wazi kama mfuko ili nyuma yake niingize karatasi, kimetoka wapi, nimekiona lini, kimenifanya nifikirie nini. Michoro yangu ya ukili nayo nitaihamishia humo kwa uzi, siyo kwa kalamu. Madaftari ya karatasi huku pwani yananyonya unyevu, kusi ikivuma chumvi inaingia mpaka kabatini, ila kitambaa unakifua, unakianika, unakirudisha.

Ukurasa wa kwanza nimeshauweka kile kipande cha Mali ya Abdulla. Mstari wa kwanza umepinda kulia kidogo, wa pili na wa tatu umenyooka. Sijaufumua wa kwanza.

Leo asubuhi nimempigia yule bibi wa Mikindani. Nikamwambia bibi subiri kidogo, nikaweka simu kwenye meza karibu na gurudumu, nikazungusha bila kusema neno, nikashona mpaka mwisho wa kitambaa. Nilivyochukua simu alikuwa kimya, nikadhani imekatika.

Halafu akasema, "Ndiyo hiyo. Ila mama alikuwa anazungusha polepole kuliko wewe."