Orodha ya vilele: hatimaye Meru na Ras Dashen zimetulia

Ile mistari miwili iliyokuwa inapishana kila nikifungua shiti yangu ya milima mirefu ya Afrika imetulia. Meru ya Tanzania namba nne Afrika, Ras Dashen ya Ethiopia namba tano, hapo nimehesabu Rwenzori yote kama mlima mmoja, wanaotaka vilele vyake vya Speke na Baker visimame vyenyewe nimewawekea kolamu yao.

Huko juu hakuna kesi. Kilimanjaro ilipimwa 1952 ikapewa mita 5,895, GPS ya 1999 ikatoa 5,892, ya 2008 ikatoa 5,891, kibao cha Uhuru, kilele chake, kimebaki na 5,895 na poa tu, maana Batian, kilele cha Mlima Kenya ulio namba mbili, ni 5,199, hata ukiikata Kili mita nyingine kumi haifikiwi. Margherita, kilele cha Rwenzori, na 5,109 yake imekaa namba tatu. Kasheshe lote liko namba nne.

Ras Dashen ilitembea na 4,620 miaka na miaka, ramani na vitabu kibao bado vinayo. Sasa hivi inayotumika sana ni 4,550, na kuna vyanzo vinashuka mpaka 4,533. Meru nayo ilikuwa 4,566 siku hizi inaandikwa 4,562. Yani mlima mmoja umepoteza mita 70 bila jiwe kuporomoka, na mtu aliyekuwa amemaliza minne mirefu ya Afrika kwa kwenda Ethiopia ghafla anadaiwa Meru. Inauma jamani, nauli ya kule sio ndogo! Wenzetu wa Scotland wanayajua haya, 2009 Sgùrr nan Ceannaichean ilipimwa upya ikakutwa na 913.43 wakati mstari wa kuitwa Munro (mlima wa Scotland wa futi 3,000 na zaidi) ni 914.4, ikafutwa.

Sasa kilichonitesa. Kati ya 4,562 na 4,550 kuna mita 12 tu, na nilikuwa napokea traki za GPS za washkaji waliofika kilele cha Meru, zinakuja na 4,54-kitu, shiti inaishusha Meru chini ya Ras Dashen. Nafuta, naweka nyingine, yale yale. Kumbe simu nyingi za Android kwenye data ghafi zinarekodi kimo kutoka kwenye elipsoidi (umbo laini la dunia la kihesabu), sio usawa wa bahari, na huku kwetu jioidi (umbo linalofuata usawa wa bahari) iko chini ya elipsoidi, ndiyo maana namba inatoka ndogo, pale Kili tofauti ni kama mita 15 na Meru ni jirani yake. Mita 15 dhidi ya mita 12! Marekebisho yenyewe ni makubwa kuliko pengo linalobishaniwa, kwa hiyo ukichanganya namba ghafi na namba za usawa wa bahari hiyo orodha haina maana yoyote, na nimeona orodha nyingi tu zimechanganya.

Na msiniambie saa zenye barometa. Nazipenda kwa kujua umepanda kiasi gani tangu asubuhi, ila hewa ikibadilika usiku unaamka hema limepanda mlima lenyewe. Data ya SRTM, vimo vya ardhi vilivyopimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, nayo nzuri kwa mabonde, kwenye kilele chembamba kama ukingo wa kreta ya Meru inakula ncha, kwa sababu inatoa wastani wa eneo zima.

Dawa imekuwa hii: kila kilele kina namba ya chini, namba ya juu, mwaka, na kilipimwaje. Nafasi haitoki mpaka namba ya chini ya mmoja ipite ya juu ya mwenzake. Meru ya chini 4,562, Ras Dashen ya juu 4,550, imepita. Ile 4,620 iko kolamu ya historia.

Nilipanga nikimaliza hapa niweke njia za kupandia na picha, ila nimeanza kucheza na prominensi (kilele kinavyoinuka juu ya bonde la juu kabisa linalokiunganisha na mlima mrefu zaidi) na sitoki leo. Ras Dashen hiyo hiyo iliyopigwa na Meru inakuwa ya PILI Afrika, 3,997, nyuma ya Kili yenye 5,885! Nikaiwekea makusudi kile kimo cha 4,533, ikashuka mpaka 3,980 na bado inaipita Margherita yenye 3,951. Hiyo nafasi haitikisiki. Meru ina kama 3,170 tu, maana ardhi kati yake na Kili haishuki chini ya mita 1,390 hivi. Picha zisubiri kwanza, naenda kuhakiki hayo mabonde, na hapo SRTM nitaitumia bila kinyongo.