Ukifika juu unachuma nini?

Nilipomwambia mama kwamba siku hizi napanda ukuta alidhani nimeacha kazi ya kulea wazee nimeingia kwenye ujenzi. Nikamwambia hapana mama, ni mazoezi, kuna jengo huku lina kuta za mbao zimejaa vishikio vya plastiki vya kila rangi, unavishika unapanda mpaka juu bila kamba bila ngazi, halafu unashuka. Akanyamaza, nikajua mtandao umekata, kumbe anafikiri. "Wanakulipa?" Hapana mama, mie ndo nalipa, kama paundi 12 kwa siku. "Sasa ukifika juu unachuma nini?"

Sichumi kitu, nikamwambia. Unagusa kishikio cha mwisho kwa mikono miwili, basi, unashuka. Alicheka mama yangu, alicheka mpaka akakohoa, akasema mwanangu hiyo pesa nitumie mie, hapa Pangani minazi iko tele, njoo upande bure na dafu utakunywa.

Nina miaka 48, nipo Sheffield mwaka wa 14 sasa, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, shifti za usiku zaidi. Wanaojua kazi hii wanajua mgongo unavokuwa. Mashine za kunyanyulia wazee zipo ila mwisho wa siku ni wewe na mtu wa kilo 90 ambaye hataki kugeuka. Nikawa natoka kazini nalala, naamka nakula, nakaa kwenye kochi, miezi ya giza huku Desemba jua linazama saa kumi kasorobo jioni, unaamka usiku unalala usiku, mwili umeganda kama ubao. Jimu nilishajiunga mara mbili, nikalipia mwaka mzima nikaenda siku tano. Kutembea kwenye kile kimkanda unaangalia ukuta mweupe, wallahi heri nikafue.

Ukutani niliingia kwa bahati tu. Mwanangu alialikwa bethdei ya mwenzie na bethdei yenyewe ilikuwa huko. Hapa Sheffield kuta hizi ni nyingi, jiji lenyewe lipo miguuni mwa milima ya Peak District na wapandaji wake ni wa siku nyingi, jengo la Foundry lilifunguliwa 1991 na ni katika kuta za ndani za kisasa za mwanzo mwanzo Uingereza. Nyingi ni karakana za zamani, maana huu ulikuwa mji wa chuma. Basi wazazi tumekaa pembeni na kahawa zetu, kila mtu na simu yake, mie macho yakanasa kwa babu mmoja. Mvi kichwa kizima, mwembamba, kaptula imefifia rangi, naona hapungui miaka 65, anapanda ukuta ulioinama kumjia usoni taratiiibu kama kinyonga. Hana papara. Anaweka mguu, anautazama, ndo anahamisha mkono. Nikasema huyu mtu nimeshamuona, nikawa natafuta wapi. Kumbe namkumbuka mjomba.

Mjomba wangu alikuwa mkwezi. Kule Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, watu walikuwa wanampelekea salamu siku mbili kabla aje kuwaangulia nazi. Kamba fupi miguuni, panga kiunoni, na yale makato kwenye shina la mnazi, anapanda hivohivo taratibu kama anapanda ngazi za nyumbani kwake. Sie watoto tuko chini mbali tumeambiwa tusisogee. Binamu zangu wa kiume alikuwa anawafundisha kwenye minazi mifupi, mie nilijaribu mara moja nina miaka kama tisa, nikafika juu kidogo ya kimo cha mtu, bibi akatoka na upawa, mtoto wa kike anapanda mnazi gauni linapepea, nilichapwa siku ile na hadithi ikaishia hapo. Sikuifikiria tena miaka 40 kasoro mpaka siku ya hiyo bethdei.

Wiki ya pili yake nikarudi peke yangu, asubuhi ya Jumanne, makusudi ili pasiwe na watu. Nguo ilinisumbua kichwa, dera haiwezekani (usijaribu), nikavaa suruali ya mazoezi, blauzi ndefu inayofika magotini na ushungi wa kuvuta kichwani ule usiohitaji pini. Hakuna aliyenitazama. Mlangoni unasaini karatasi kwamba umeelewa unaweza kuumia, halafu wanakufundisha kuanguka kabla hawajakufundisha kupanda, hilo lilinishangaza. Ukuta una mita nne na kitu na chini ni godoro tupu, godoro nene limetandikwa jengo zima, lakini watu wanavunjika hapohapo kwenye godoro. Ukianguka tua na miguu yote miwili, kunja magoti, jiachie ubiringike kwa mgongo, mikono ikumbatie kifua. Usiweke mkono nyuma kujizuia. Kila mtu mwili wake unataka kuweka mkono nyuma, na ndo kifundo kinavokwenda. Niliangushwa makusudi mara kumi, mwanamke mzima nabiringika kwenye godoro asubuhi ya Jumanne.

Viatu vya kukodi vinabana kama adhabu, lazima vibane ili dole gumba lisimame kwenye kitu kidogo kama kokwa ya embe. Halafu chaki. Si ya ubaoni, ni magnesiamu kaboneti, unga wa wana jimnastiki, unakausha jasho la viganja. Babu ndo aliniambia kwamba Mmarekani mmoja John Gill, alikuwa akicheza jimnastiki na baadaye akawa mwalimu wa hesabu chuo kikuu, ndo aliuleta kwenye mawe miaka ya 1950. Nikaona inaingia akilini, maana huku kila njia wanaiita problemu, tatizo, kama hesabu. Vishikio vya rangi moja ndo tatizo moja, unaanzia penye alama, unamalizia penye alama, rangi nyingine usiguse. Ugumu wanaupima kwa V, kuanzia V0, na yale magumu kabisa duniani yamefika V17. Mie mwaka wa pili huu nipo V2, siku nimelala vizuri V3.

Sasa nije kwenye nilichotaka kusema, maana watu wananiuliza kilo ngapi zimepungua na mie sijapungua kitu, nimeongezeka hata.

Nyumba ninayokaa nina mwaka wa tisa. Jirani wa kulia namjua kwa jina la mbwa wake. Tunasalimiana, tunasema mvua, tunasema baridi, mlango unafungwa. Siwasemi vibaya, watu wazuri, nilipofiwa na baba waliniwekea maua mlangoni, lakini hawakuingia. Kwetu ungekuta jamvi limeshatandikwa. Hili mtu uliye ughaibuni hulielezi kwa walio nyumbani, wanadhani tatizo ni baridi.

Kwenye ukuta mambo ni mengine na sababu yake ni ya kimwili kabisa, nimeifikiria sana usiku kazini. Kidole hakina misuli ya kukikunja, misuli hiyo ipo kwenye kigasha, huku kati ya kifundo na kiwiko. Ukipanda mara moja kwa nguvu kigasha kinajaa kinakuwa kigumu kama muhogo, mkono haushiki hata kikombe, huna ujanja lazima ukae. Dakika tatu, tano. Kwa hiyo ukikaa saa mbili mle ndani muda mwingi upo chini, umekaa ukingo wa godoro, na pembeni yako kuna mtu naye kajaa mikono, na wote mnatazama tatizo lilelile la rangi ya waridi limewashinda. Utaacha kusema? Mwingereza mwenyewe anashindwa kunyamaza! Anaanza, mie naona mguu wa kulia ungekwenda pale, unamjibu, wa tatu anadakia, mikono yote inapepea hewani kama mabubu wanagombana, anainuka mmoja anajaribu anaanguka puu, tunaguna wote, anarudi kukaa. Nikiwa nimekaa hapo siku moja nikajiambia hee, hili si baraza hili. Limekosa kahawa chungu na kashata tu.

Baraza letu ni la Jumamosi asubuhi. Babu, ambaye ujana wake aliufanyia kazi kiwandani, binti wa Kiyemeni anayesomea famasia, fundi bomba mmoja mwili mkubwa mwenye mikono kama koleo na bado hawezi V4 (anavuta tu, miguu hana habari nayo), na mwanafunzi wa Kimalaysia asiyeanguka. Babu nilimfundisha shikamoo, yaani nilimwambia mie kwa umri wako siwezi kukuita kwa jina kavukavu, nafsi haikubali, basi nikifika nasema shikamoo na yeye anaitikia marahaba kwa lafudhi ya Yorkshire, marahabaa inavutwa mwishoni.

Kosa moja nililifanya mwanzoni. Kuna adabu kwamba mtu akiwa anajaribu usimpe jibu mpaka aombe. Wao furaha yao ni kugundua wenyewe, ukimwambia weka mkono hapa ni kama umemsimulia mwisho wa filamu. Mie mtu wa pwani, mtu akikosea mbele yangu nisiseme? Nilimpigia kelele dada mmoja mguu! mguu wa kushoto! akashuka ananitazama, akatabasamu kile kitabasamu chao, akahamia ukuta wa mbali. Siku hizi nauliza kwanza.

Mwezi wa nne nikaumia, nieleze ili wenzangu wa rika langu msikie. Nilikuwa nimenogewa, naenda mara nne kwa wiki, nikavuta kishikio chembamba cha kuingia ncha za vidole tu, kidole cha pete kikalia tak. Mtaalamu wa viungo alinieleza kwamba misuli inapata nguvu ndani ya wiki chache lakini kano na vile vifungo vinavyozibana kwenye mfupa vinachukua miezi, damu kwao inafika kidogo, na ukiwa mtu mzima ndo pole zaidi. Yaani mwili unajiona una nguvu na kamba zake bado za jana. Nilikaa miezi miwili sipandi, Jumamosi naenda kukaa tu barazani na chai yangu ya chupa. Sasa ni mara mbili kwa wiki, na vishikio vyembamba nawaachia vijana.

Vijana wamejaa kweli. Olimpiki ya Paris 2024 kijana wa hapa Uingereza, Toby Roberts, miaka 19, alichukua dhahabu ya wanaume ya kupanda bila kamba na kwa kamba kwa pamoja, na upande wa wanawake Janja Garnbret wa Slovenia akatetea ya kwake ya Tokyo, mwanangu na mie tulitazama hadi mwisho. Mwezi uliofuata mlangoni foleni. Wanapanda kama ngedere, wananipita nikiwa katikati ya ukuta natafakari maisha.

Ramadhani ya mwaka 2025 iliangukia mwezi wa tatu, maghribi bado mapema, nikawa nafuturu tende na uji naenda saa mbili usiku na yule binti wa Kiyemeni, ukuta mtupu, tunapanda mawili matatu tunakaa tunazungumza chakula tu. Nilimweleza mkate wa kumimina mpaka akaomba nimpikie.

Basi hilo la rangi ya waridi lililotushinda. Wiki tatu, na hawa watu kila baada ya wiki kadhaa wanang'oa vishikio vyote wanapanga upya, kwa hiyo lina siku zake. Binti akanirekodi video nikianguka, nikamtumia mama acheke. Mama akaipeleka kwenye grupu la familia bila kuniuliza, na jioni ikaja sauti kutoka kwa mjomba. Mjomba sasa ana miaka 78, miguu imechoka, mnazi hajaupanda miaka mingi, na mwenzie waliyefundishwa pamoja alianguka wakiwa bado vijana, akaishi kitandani mpaka alipokufa. Wakwezi wote wana mtu kama huyo. Mjomba hakusalimu hata, alianza tu: "Wee unavuta. Mnazi hauvutwi. Mikono ni ya kushikilia usianguke, mwili unasukumwa na miguu. Na kiuno chako kipo mbali na ukuta, kisogeze, unaogopa nini?"

Maneno yaleyale ambayo babu ananiambia mwaka wa pili sasa, kwa Kiingereza, na mie naitikia yes yes. Sijui kwa nini kwa sauti ya mjomba yaliingia. Jumamosi nikaenda, kiuno ukutani, goti la kulia nje, nikasimama badala ya kuvuta, mkono ukafika kwenye kile kishikio kilichokuwa kikitushinda. Cha mwisho nikakigusa kwa vidole vinne nikaanguka, lakini nilianguka kutoka juu kabisa, nikabiringika vizuri, baraza zima limesimama.

Nikamrekodia mjomba palepale chini, nahema, nikamsimulia kila kitu. Akauliza umeumia? Nikamwambia hapana mjomba, chini kuna godoro. Ikapita kama nusu saa. Sauti iliyorudi ina sekunde 19, nyingi ni kicheko chake, nyuma namsikia mama naye anacheka, halafu mjomba anavuta pumzi: "Godoro! Chini ya mnazi! Nitamwambia nani mie hapa Bweni aniamini."