Kwera wa Dunga

Aprili 2016 ilinikuta sijaona mshahara kwa miezi mitano. Kiwanda cha sukari nilichokitunzia vitabu vya hesabu kilisaga kwa kusuasua, kisha kikanyamaza kabisa, na mwenye nyumba alikuwa ameacha kuitikia salamu zangu. Siku hiyo nilikuja Kisumu kumwona mtu aliyeniahidi kibarua. Hakushika simu. Nikatembea tu, miguu ikanifikisha Dunga, ufuoni mwa ziwa.

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, karibu na mzee aliyekuwa akitengeneza nyavu. Mgunga ulikuwa umeinamia maji, matawi yamejaa viota vya kwera, vinaning'inia kama vibuyu. Kelele zao! Soko la Kibuye siku ya Jumapili halifui dafu.

"Mtazame yule," mzee akasema, akinielekezea kwa sindano yake ya nyavu. "Leo atakataliwa."

"Kwa nini, mzee?"

"Kiota chake kimeanza kukauka, nyathina," akaniita, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Jike anataka nyumba mbichi, ya kijani."

Nikatazama. Dume lilikuwa la manjano, kichwa cheusi, macho mekundu kama makaa. Jike likaja, rangi yake hafifu tu, ungedhani ni shomoro. Dume likajining'iniza chini ya mlango wa kiota, kichwa chini, likipigapiga mabawa na kupiga kelele kwa nguvu zake zote. Jike likaingia. Nilikiona kiota kikitikisika: alikuwa akivuta nyuzi kwa ndani, anazijaribu moja moja. Akatoka, akaruka, akaenda zake.

Nikamwonea dume huruma, lakini lenyewe halikukaa kuomboleza. Lilianza kukifumua kiota chake, jani baada ya jani, likiyaangusha majini. Halafu likatoweka kwenye matete, likarudi na ukanda wa jani mbichi ulioburuta nyuma yake, mrefu kuliko mwili wake. Likaukanyaga ncha moja kwa ukucha dhidi ya tawi, ncha ya pili likaipitisha kwa mdomo chini, likazunguka kuidaka upande wa pili, likavuta. Likavuta tena, kuona kama fundo limeshika. Ukanda wa pili. Wa tatu. Taratibu ikaanza kutokea pete, na ndani ya pete hiyo dume likasimama, likiendelea kusuka kila pahali mdomo ulipofika. Sindano hana, mkono hana.

Mzee naye alikuwa akifunga mafundo yake ya nailoni, kimya. Nikawa natazama huku, kisha kule.

Watu hudhani asiye na kazi ana saa nyingi. Si kweli. Hana hata moja, kwa sababu zote zimeliwa na deni: unaoga ukijumlisha, unakula ukijumlisha, usiku unaamka ukijumlisha zilezile. Alasiri ile, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, nilikuwa nikihesabu kitu kingine. Pete ilikuwa imefika nyuzi ishirini na tatu niliposhtuka jua limeshuka na wachuuzi wa samaki wanafunga. Simu ilikuwa imelia mara nne mfukoni nisiisikie.

Kibarua sikupata wiki ile. Lakini baada ya siku tatu nilirudi Dunga, safari hii kwa makusudi, nikiwa na daftari la mtoto na kalamu. Mzee alikuwa palepale.

"Umechelewa," akaniambia, akisogea ili nikae. "Jike ameingia asubuhi."

Kiota kilikuwa kimekamilika, cha kijani kibichi, mlango wake ukitazama maji. Jike likaja na unyoya mweupe mdomoni, nadhani wa kuku, likajipenyeza kwa chini. Unyoya ukakwama mlangoni, nusu ndani, nusu nje, unapepea. Mzee akaweka sindano chini. Tukangoja wote wawili, mpaka ukavutwa ndani kidogo kidogo, ukaisha.

"Haya," mzee akasema, akaichukua sindano yake.