Tulipiga makofi mapema mno

Magurudumu ya ndege yalipogusa lami ya Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, tulipiga makofi, ndiyo desturi yetu. Mama mmoja nyuma yangu alishaanza kumshukuru Yezu. Makofi hayajaisha, bawa la kulia likanyanyuka, pua ikageukia kulia, tukatoka njiani na kuingia kwenye majani makavu. Gurudumu la mbele likavunjika, propela ikachimba udongo.

Vumbi. Harufu ya mafuta. Rubani akapaza sauti: tokeni, acheni mizigo! Tulitoka sote na michubuko tu. Jamaa mmoja alitoka amekumbatia mfuko wake wa samaki wakavu kutoka Manono. Hadi sasa sijui nimcheke au nimkasirikie.

Usiku baba mdogo, aliyekuwa fundi wa ndege, alinichorea mambo kwa kalamu juu ya kitambaa cha meza, mama mdogo akinung'unika. Njia ya Luano imelala karibu mashariki kwa magharibi, na upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo unakupiga ubavuni. Rubani huja pua ameielekeza upepo unakotoka, na karibu na ardhi huinyoosha huku akilaza kidogo bawa la upande huo. Akishagusa, kazi ndiyo inazidi: mwendo ukipungua usukani unapoteza nguvu, kwa hiyo lazima aukate zaidi upande wa upepo, maana ndege nyepesi bado inataka kupaa. Upepo mkali unaovuma sawasawa, alisema, mtu anauzoea. Wa kufumania ndio mbaya: unalegea, unajipanga, unarudi. Tena Luano iko mita 1,300 hivi juu ya bahari; hewa ni nyepesi, na ndege inatua na mbio kuliko ingekuwa pwani.

Basi sisi tulipokuwa tunashangilia, yule kijana rubani ndipo alipokuwa na kazi ngumu.

“Angetia moto, apae tena, azunguke,” baba mdogo akasema. Labda. Lakini hakuwa ndani, na rubani huyo alihakikisha tumetoka wote ndipo naye akatoka. Mimi simhukumu.

Wiki ijayo narudi Manono. Baba mdogo anasema upepo huamka jua likishapanda, kwa hiyo nimeulizia ndege ya saa moja asubuhi. Mama anataka niende kwa gari. Kwa barabara ile!