Noah ya alizeti: siku moja gereji kwangu, Kizota

Saa 1:00 asubuhi. Mwezi wa saba Dodoma upepo unakata, spana ukiishika kama umeshika barafu. Chai kwanza.

Saa 1:40. Toyota Noah ya zamani, ya gia otomatiki, imeingia ikijikongoja. Dereva ni mama anayefanya biashara ya alizeti, katoka Manyoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Huko nilikotoka wameniambia gia boksi imekufa, ninunue ya mtumba."

Gari ni zito kuondoka, halibadilishi gia, na taa ya O/D OFF, ile ya gia kwenye dashibodi, inapepesa. Taa ikipepesa hivyo kompyuta ina neno. Ukishusha gia boksi kabla ya kulisikia, unakula hela ya mtu.

Saa 2:30. Oili ya gia boksi. Hapa wengi hukosea, wanaipima kama ya injini. Kwenye hii gari lazima injini iwe imepata moto na inaunguruma, upitishe gia zote, urudi P (ya kuegesha), ndipo uchomoe stiki. Nikapaka tone kwenye karatasi: wekundu umefifia kidogo, haina harufu ya kuungua wala unga mweusi. Moyo ukatulia.

Saa 3:15. Nikaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwenye plagi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, swichi on, ili kompyuta itaje kosa lake. Taa ikapepesa mara 6, ikatulia, mara 2. Namba 62, solenoidi ya kwanza, yaani vali ya umeme inayobadilisha gia. Kijana wangu keshashika spana afungue sampo, bakuli la oili chini ya gia boksi.

"Weka chini. 62 ni njia nzima ya umeme, siyo solenoidi peke yake."

Saa 4:00. Niko chini ya gari. Kwenye plagi ya gia boksi mita inasoma omu 13. Inatakiwa 11 hadi 15. Solenoidi nzima. Kutoka plagi kwenda kompyuta, mita kimya: njia imekatika. Nikaufuata waya kwa vidole, shingo inauma, mpaka juu ya gia boksi. Kiota! Maganda ya alizeti, nyuzi za gunia, na waya umetafunwa mpaka umekatika, shaba inaonekana. Panya naye kachagua vizuri, pale pana joto.

Saa 5:30. Waya mpya, risasi ya kuchomelea, tepu. Nikafuta namba kwenye kompyuta.

Saa 7:00. Ugali na mlenda.

Saa 8:20. Tumeenda nalo hadi Nala na kurudi. Gia zinaingia laini, taa imezima.

Saa 9:00. Bei.

"Kwa kuunga waya tu, fundi?"

Tukavutana, nikapunguza kidogo. Akalipa, akawasha gari, halafu akashusha kioo.

"Yule paka wa hapa gereji, mnamuuza?"