Hilux ya 22R imeunguza gasketi ya hedi: kazi ilipofikia

Anayependa pikapu za zamani anaijua 22R, ile injini ya Toyota Hilux. Lita 2.4, silinda 4, bloki ya chuma, hedi ya alumini juu yake na gasketi ya kuziba katikati, kabureta, cheni ya taiming badala ya belti, alafu ukifungua boneti mikono inaingia kila upande. Yangu ilianza kupunguza maji taratibu huku chini ya gari pakavu, hamna hata tone. Baadae ikawa asubuhi ikiwashwa inamisi, ekzosi inatoa moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu ya kulanti, ikikimbia kidogo misi inapotea. Mwisho mshale wa temperecha ukaanza kupanda kwenye kilima na mzigo, hapo ndo nikaipaki.

Watu wengi wakisikia hivyo wanashika spana papo hapo, mimi nilitaka ushahidi kwanza. Niliiwasha ikiwa ya baridi kabisa nikashika hozi ya juu ya rejeta, injini haijapata hata vuguvugu lakini hozi tayari ngumu. Hiyo sio presha ya maji ya moto maana maji yenyewe bado hayajapata moto, hiyo ni gesi ya kwenye silinda inaingia kwenye njia za maji. Siku nyingine nikatoa mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya baridi, nikawasha, mapovu yanapanda mfululizo bila kukoma. Plagi ya silinda namba 4 ilitoka safi kuliko wenzake, imeoshwa na mvuke. Kupima kompresheni, yaani presha ya kubana ndani ya kila silinda, ndo kukamaliza ubishi, namba 1 na 2 ziko vizuri, 3 na 4 zote ziko chini, tena kwa pamoja. Kwa injini hii silinda zikipishana zaidi ya psi 14 ujue kuna shida, na silinda mbili zilizo jirani zikishuka pamoja mara nyingi ukuta wa gasketi kati yao umeungua.

Hapa kuna jambo la 22R ambalo kila mwenye nayo inabidi alijue. Kwenye cheni ya taiming kuna gaidi mbili za plastiki, yaani vipande vinavyoiongoza cheni isiyumbe, zikichoka zinakatika, cheni inalegea na kuanza kujisugua kwenye kava lake la alumini mpaka inatoboa njia ya maji iliyo nyuma yake. Maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka rangi ya maziwa, na kila mtu anasema gasketi. Unabadilisha gasketi, unafunga, na oili inageuka tena. Kwa hiyo kabla ya kung'oa hedi nilitoa kava la valvu nikamulika chini na tochi pande zote mbili za cheni, gaidi zote zipo, ukuta wa kava hauna mchoro. Oili yangu nayo ilikuwa safi, ikakubaliana na ile kompresheni, kwamba moto unavuka kati ya 3 na 4 na maji yanachomwa huko juu.

Kufungua. Maji nilimwaga ya rejeta na ya bloki pia, maana ukiacha ya kwenye bloki yanamwagikia ndani ya silinda na sampu ya oili wakati unanyanyua hedi. Silinda namba 1 juu, alama ya puli kwenye 0, rangi kidogo kwenye gia ya kamshafti na kwenye cheni mahali zinapokutana, alafu cheni nikaifunga kwa waya isidondoke ndani. Boliti za hedi ziko 10 na ndizo hizo hizo zinashika roka (mikono inayosukuma valvu), zinalegezwa kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja kati.

Zikishatoka zote 10 hedi bado haing'oki, na hapo ndo watu wanaingiza mtaimbo na kuvunja alumini. Kuna boliti moja ndogo mbele kabisa, iko chini ya ile gia inayozungusha distributa, imelala kwenye kidimbwi cha oili, huioni mpaka ufyonze ile oili kwa kitambaa. Ikitoka hiyo, hedi inaachia kwa mkono.

Gasketi ilikuwa inajieleza yenyewe. Kati ya 3 na 4 pameungua pakawa peusi mpaka bati limeliwa, na upande wa 4 kuna njia ya kutu imeelekea kwenye tundu la maji. Nikaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, kona kwa kona na katikati, nikapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.15, yangu ikapitisha 0.20. Alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo injini ikichemsha hedi inataka kutanuka, boliti na bloki zinaizuia, na inachopata ni kujipinda. Nikaipeleka kwa fundi wa mashine, kwanza apime nyufa kwa presha ndo asawazishe uso, maana kuchonga hedi yenye ufa ni kazi ya bure. Haikuwa na ufa, nilifurahi sana.

Wakati hedi iko huko nikatafuta sababu, na kwa kweli hii ndo sehemu ninayoona inarukwa na wengi. Gasketi haiungui yenyewe, kuna kitu kiliichemsha, ukikiacha kitaichemsha na mpya. Rejeta nilipoimwagia maji juu yakawa yanatoka chini kwa kusuasua, vijibomba vingi vimeziba kwa kutu. Thermostati, ile valvu inayofungulia maji yakipata moto, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto na kipima joto, inatakiwa ianze kufunguka kama nyuzi 88, yangu ilipita hapo bado imefunga. Zote mbili nimeweka mpya.

Kusafisha uso wa bloki nilitumia skrepa na mkono, polepole. Zile brashi za mviringo za drili sizitaki karibu na injini, vumbi lake linashuka kwenye oili na kula beringi. Matundu ya boliti pia nilikausha mpaka chini, maana boliti ikikandamiza maji au oili iliyotuama chini inaweza kupasua bloki. Silikoni kidogo tu kwenye zile kona mbili za mbele ambapo kava la cheni linakutana na bloki, kwingine gasketi inawekwa kavu. Kukaza ni kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu mpaka Nm 80. Ile ndogo ya mbele inataka Nm 13 tu. Mwanya wa valvu niliuseti baadae injini ikiwa ya moto, inteki milimita 0.20, ekzosi 0.30.

Kujaza maji nilinyanyua pua ya gari na kufungua hita ili hewa itoke yote. Imewaka vizuri, hozi ni laini ikiwa ya baridi, mapovu hakuna, mshale umetulia. Oili nimebadilisha na filta, nikaiendesha mwendo mfupi nikabadilisha tena, maana maji kidogo yaliyoshuka wakati wa kufungua yanaharibu beringi kimya kimya.

Mpaka sasa maji hayajapungua hata kidogo. Bado sijaipandisha mlima na mzigo, na kabla ya hapo nataka kupima feni ya mbele kama inashika vizuri ikipata moto na kurudia kuseti valvu. Kompresheni nimepima tena, 3 na 4 zimepanda zikalingana na wenzao.