Muulize mpuliza dawa: hiyo ni ya kundi gani?

Masika yanapokaribia, wakazi wengi wa Dar es Salaam huanza kutafuta mtu wa kuwapulizia dawa ya mbu, na swali wanalomuuliza huwa moja tu: chumba kimoja ni bei gani? Kundi la kiuatilifu, yaani sumu ya kuua wadudu, kilichomo ndani ya bomba hawaliulizi, ilhali hilo ndilo linaloamua kama fedha yao itaua mbu wa malaria au itaishia kuinukisha nyumba.

Mbu jike wa Anofelesi, jamii inayoeneza malaria, akishashiba damu huwa mzito, hivyo hutafuta ukuta wa karibu na kutulia hapo. Upuliziaji wa dawa ukoko majumbani humvizia papo hapo, kwa kuwa kiuatilifu kilichokaukia ukutani humwingia kupitia miguu, na hufanya hivyo kwa miezi kadhaa baada ya siku ya kupulizwa. Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba dawa hiyo haimzuii mbu kumng'ata mwenye nyumba. Faida yake iko kwingine: vimelea vya malaria huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu kabla hajaweza kumwambukiza mtu, na mbu anayefia ukutani usiku wa mlo wake wa kwanza hafiki huko. Kwa hiyo anayenufaika zaidi na ukuta wangu ni jirani yangu, nami nanufaika na wake, na ndiyo sababu kampeni za serikali hulenga kufikia angalau asilimia 80 ya nyumba za eneo badala ya nyumba moja moja ya mwenye uwezo.

Njia hii si ngeni kwetu. Kati ya mwaka 1955 na 1959, katika mradi wa Pare na Taveta, nyumba zilipulizwa kiuatilifu kiitwacho dieldrini, na Anofelesi wa aina ya funestus wakakaribia kutoweka kabisa katika eneo hilo. Upuliziaji uliporudi kwa nguvu, Zanzibar mwaka 2006 na Muleba mkoani Kagera mwaka 2007, dawa iliyotumika ilikuwa lambda-sihalothrini, ambayo ni ya kundi la pairethroidi. Tatizo ni kwamba vyandarua vyenye dawa navyo vilitiwa pairethroidi, makopo tunayonunua dukani yana pairethroidi, na wakulima nao hunyunyizia mazao yao kundi hilohilo. Mbu walikutana na sumu ya aina moja kila walikogeuka, wanyonge wakafa, na waliobaki wakazaana. Wataalamu hupima usugu, yaani mbu kutokufa kwa dawa iliyokuwa ikiwaua, kwa kuwaweka mbu kwa saa moja ndani ya mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa, kisha huwahesabu baada ya saa 24: wakifa asilimia 98 au zaidi, dawa bado inafaa, na wakifa chini ya asilimia 90, usugu umethibitika. Huko Muleba ilibidi kuhamia bendiokabu, ya kundi la kabameti, na baadaye pirimifosi-methili, ya kundi la organofosfati.

Hapa ndipo wazee wa mtaani hudakia: "Si warudishe tu DDT?" Hoja hiyo ya kurudisha kiuatilifu cha zamani nimeisikia barazani mara nyingi, na anayeitoa huamini kwamba tulinyimwa dawa nzuri kwa sababu za kisiasa. Suala la mazingira tuliweke kando kwanza. DDT na pairethroidi hushambulia sehemu moja katika neva za mbu, yaani mlango unaopitisha sodiamu, na badiliko la kijeni linalougeuza mlango huo humkinga mbu dhidi ya zote mbili kwa mpigo. Mbu aliyefundwa na makopo yetu ya dukani anaweza kuikuta DDT akiwa tayari ameshaizoea, hata kama hajawahi kuiona. Kabameti na organofosfati zinaingilia kimeng'enya kingine kabisa, na klothianidini, iliyoingia katika upuliziaji miaka ya karibuni, ina shabaha yake tofauti. Hii ya mwisho huua polepole, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, kwa hiyo asiyeelezwa mapema hudhani amepuliziwa maji.

Katika nyumba ninayopanga, wapangaji tulichanga tukamwita mpulizaji kutoka kampuni moja ya binafsi. Niliomba kusoma kibandiko cha chupa yake: sipamethrini, pairethroidi nyingine. Nilipomuuliza kama ana ya kundi jingine alicheka, akasema, "Dada yangu, hii ni kali, hata mende hawabaki." Kisha akasimama mlangoni, akapuliza ukungu katikati ya chumba, kabati likiwa limeegemea ukuta vilevile. Upuliziaji wa kitaalamu hauko hivyo. Vyombo na chakula hutolewa nje, mpulizaji huishika ncha ya bomba sentimeta 45 kutoka ukutani, hupanda na kushuka kwa mikanda yenye upana wa sentimeta 75 inayopandiana kidogo, na wenyeji hukaa nje kwa saa mbili. Asubuhi yake mende walikuwa chali koridoni, na wenzangu wakaridhika kabisa. Kama kupima mafanikio ya dawa ya malaria kwa mizoga ya mende kunatosha, basi sina la kuongeza.

Kipimo chetu kingine, kelele za mbu masikioni, nacho hutupotosha. Mbu wengi wanaotusumbua usiku katika jiji hili ni Kuleksi wa kwenye vyoo na mifereji ya maji machafu, ambao hawaambukizi malaria, huku Anofelesi wa hapa wakiwa na tabia ya kuuma hata nje, watu wakiwa bado uani. Kwa jiji kama letu ukuta si mahali pa kuwekeza kwanza, na mpango wa kudhibiti malaria jijini ulioanza mwaka 2004 uliwekeza zaidi katika kuua viluwiluwi kwenye madimbwi. Viuaviluwiluwi vya kibaiolojia sasa vinatengenezwa Kibaha, jirani kabisa.

Dawa za makundi mapya ni ghali mara kadhaa kuliko pairethroidi, na utafiti wa Muleba uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vyandarua vyenye PBO, kemikali inayomzuia mbu kuivunjavunja dawa mwilini mwake, vilipunguza malaria, na kwamba kuongeza upuliziaji juu yake hakukuleta nafuu ya ziada. Kwa hiyo mchango wetu wa mwaka ujao nimependekeza uende kwenye nyavu za madirishani na kuzibua mfereji wa nyuma ya nyumba. Wapangaji wawili wamekubali. Mwenye nyumba anasema mfereji ni wa serikali ya mtaa.